Kuhesabu Mawe, Torishi

Barua ilisema: nenda ukayahesabu.
Muhuri wa wilaya, sahihi mbili, tarehe imeshapita.
Basi nikachukua daftari, kamba ya kupimia,
chaki boksi zima, na Sagindiki dereva,
ambaye mkewe alikuwa zamu hospitali ya Shetpe
na hivyo mtoto naye akaja.

Barabara ilikwisha kabla ya safari.
Tukafuata alama za matairi ya mwaka jana juu ya chumvi.
Farasi watatu walitutazama, hawana haja nasi.
Kisha nyika ikainama kidogo,
kama mtu anayekufunulia kiganja,
na hayo hapo.

Mviringo.
Kwenye picha sikuwa nimeyaamini.
Mengine kama tikiti maji, mengine kama hema la sufu,
mengine yamepasuka katikati, nusu huku, nusu kule,
kama ndugu waliochoka kugombana.
Moja lilikuwa likijichubua tabaka kwa tabaka,
kitunguu ambacho hakuna aliyekililia.
Nikalipiga kofi. Lilikuwa na joto la mnyama.

"Nani aliyafinyanga?" akauliza Botagoz,
miaka sita, meno ya mbele hana.
Nikaanza: zamani hapa palikuwa bahari,
chembe ikashikana na chembe, kuuzunguka mfupa wa samaki…
Hakungoja. Akatoa mfukoni donge la kurti,
jibini ya bibi yake, iliyoanikwa juu ya paa,
nyeupe, ngumu, chumvi tupu.
"Bibi hufinyanga hivi. Kwa mkono mmoja."
Akalilamba, akalipachika juu ya jiwe,
akafumba jicho moja kuvilinganisha.
Nami nikafunga mdomo.

Nilianzia kaskazini. Chaki: moja. Chaki: mbili.
Upepo wa Mangistau haujui kazi ya serikali;
nilipofika sitini ulikuwa umeshafuta arobaini.
Lililopasuka, ni moja au mawili?
Lililozama hadi kisogoni?
Na lile linalotoa utosi tu,
ambalo ardhi bado haijamaliza kulizaa?
Barua haikusema.

Saa kumi nikatangaza kwa sauti: mia tatu na kumi na moja!
Sagindiki, aliyetoka kusini
akihesabu kwa vidole na kwa matusi,
alikuwa na mia mbili themanini.
"Andika ya katikati," akasema.
"Nani atakuja kuhakiki? Kondoo?"
Tukacheka, tukamimina chai,
vikombe vitatu.
Kikombe cha tatu kikapoa.

Tuliita. Jina lake maana yake jicho la ndama wa ngamia,
na mawe yakalipokea jina hilo
yasilirudishe.
Baba yake akakimbia jiwe hadi jiwe,
akizunguka kila moja, akigusa kila moja,
kwa mara ya kwanza siku ile
akihesabu sawasawa.

Alikuwa amelala ndani ya ufa wa jiwe,
magoti kidevuni, koti la kijivu, mviringo kabisa.
Tulikuwa tumempita mara mbili.
Mgongoni mkono wake haukufika,
basi ilikuwa kwenye goti la suruali,
kwa chaki yangu, kwa mwandiko wa darasa la kwanza,
ile tatu ikiangalia nyuma:
312.

Sagindiki akaketi palepale mchangani.
Akavua kofia, akajifuta nayo uso
kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Ripoti iko mezani kwa mkurugenzi.
Mawe, mia tatu na kumi na mawili.
Hakuna aliyeuliza, na huko mvua imeshanyesha,
chaki yote imekwenda.
Mama yake, nasikia, aliitafuta ile suruali aifue.
Iko chini ya kiti cha dereva,
imekunjwa, goti likiwa juu.